Nyayo za Ayany, Nyayo za Laetoli

Msafiri atokaye Mombasa kwa gari la moshi hushuka Syokimau, na kabla hajaufikia mji wenyewe hupita kwenye mzunguko wa barabara ulio karibu na Uwanja wa Taifa wa Nyayo. Hapo, kwa miaka mingi, wamekuwa wakitua juu ya migunga korongo wakubwa wenye kifuko shingoni, wamesimama kama wazee wa baraza wasio na haraka ya kutoa hukumu. Msafiri akishapanda matatu iendayo Kibera, hushuka mwisho wa safari penye mtaa wa Ayany. Huko ndiko tulikokaribishwa katika likizo ya Aprili, sisi akina mama watano pamoja na watoto wetu saba, na huko ndiko yalikozuka mazungumzo tunayoyaleta leo mbele ya wasomaji wetu: mazungumzo ya nyayo.

Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe ulio ukingoni mwa Kibera. Nyuma ya nyumba hizo huanza vichochoro, mabati, vibanda vya mandazi na ya samaki, na sauti za watoto ambazo hazikatiki hadi usiku. Watu wengi wa pwani hulisikia jina la Kibera katika habari za uchaguzi na za moto tu. Wachache hukumbuka kwamba jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu, na kwamba Waislamu wa Kinubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, walikaa hapa tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, mahali pakiwa bado ni miti mitupu. Adhana ya Makina ni kongwe kuliko nyingi ya barabara zinazoizunguka. Hata hivyo wenyeji hao waliishi miongo mingi bila karatasi ya kuthibitisha kuwa ardhi ni yao, mpaka mwaka 2017 jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288.

Mwenyeji wetu, bibi mzaliwa wa hapo, alitusimulia kisa hicho huku akimimina chai. Akatuambia: "Wanangu, babu yangu aliikanyaga ardhi hii ikiwa ni msitu. Walipomuuliza karatasi, hakuwa na karatasi. Alikuwa na miguu yake tu." Tulicheka, lakini maneno hayo yalibaki nasi, kwa sababu ya jambo lililotokea asubuhi ya pili yake.

Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu. Kulipopambazuka, kichochoro kilicho nyuma ya nyumba kilikuwa tope laini, na watoto wakakiona kimejaa alama. Hapa pamepita viatu vya plastiki vya mtoto wa shule, pale kwato za mbuzi, kando yake miguu ya mbwa, na katikati nyayo pekupeku zilizozama sana upande wa kisigino. Binti mmoja wa miaka kumi akasema huyo bila shaka alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani, maana nyayo zake zilikuwa fupi na za tahadhari. Mdogo wake akauliza: "Zitakaa mpaka lini?" Tukamjibu kwamba jua likiwaka na watu wakipita, hata adhuhuri hazifiki. Naye akauliza tena: "Hakuna nyayo zilizowahi kukaa?"

Swali hilo ndilo lililotupeleka Jumba la Makumbusho la Taifa, pale Museum Hill, na kutoka hapo likatupeleka kwenye vitabu. Tumeona ni haki kuwashirikisha wenzetu tuliyoyapata, kwani nyayo kongwe kuliko zote zinazofahamika za kiumbe aliyetembea wima, na zisizo na shaka, zimo humu humu katika Afrika Mashariki yetu, na sifa ya kuzihifadhi na kuzisoma haina budi kuwa yetu pia.

Mahali penyewe panaitwa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Bonde la Oldupai. Mwaka 1976 mtaalamu Andrew Hill alikuwa akitembea na wenzake, wakirushiana kwa mzaha mavi makavu ya ndovu. Katika kukwepa aliangukia ardhini, na uso wake ulipokaribia mwamba akaona vishimo vya matone ya mvua na alama za miguu ya wanyama, zote zikiwa zimegeuka jiwe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, katika msafara ulioongozwa na Bi. Mary Leakey, Paul Abell aliona alama ya kisigino iliyofanana mno na ya mwanadamu. Walipofukua katika msimu huo na uliofuata, walipata nyayo zipatazo 70 zilizopangika katika mapito yenye urefu wa mita 27 hivi. Umri wake ni takribani miaka milioni 3.66.

Wakenya waliokuwa watu wazima wakati ule hawatakosa kutabasamu wakiusikia mwaka huo. Mwaka 1978 ndio mwaka ambao Mzee Kenyatta aliaga dunia, Moi akashika hatamu, na neno "nyayo" likawa wimbo wa taifa zima hata likapewa uwanja na jumba la serikali. Siku zile kila mtu akihimizwa kufuata nyayo za aliyetangulia, ng'ambo ya mpaka watu walikuwa wakizifuata kwa brashi na sindano nyayo ambazo hakuna aliyezipitia macho kwa zaidi ya miaka milioni tatu.

Yafaa tueleze nyayo hukaaje, kwa kuwa tope la Ayany lilitufundisha kuwa desturi yake ni kutokaa. Huko Laetoli volkano ya jirani ilitapika majivu mepesi yaliyotandaa juu ya mbuga mfano wa unga uliochekechwa juu ya sinia. Kisha ikaja mvua ndogo, isiyosomba bali ya kulowesha tu. Majivu hayo yalikuwa na madini ambayo yakilowa na kukauka hushikana kama saruji. Wanyama wakapita yangali laini, jua likayakausha, na kabla upepo haujayaharibu yakaanguka majivu mengine yakayafunika. Lau mvua ingekuwa kubwa, yote yangeoshwa. Lau isingenyesha, yangepeperushwa. Lau volkano ingenyamaza baada ya mlipuko wa kwanza, yasingepata kifuniko. Wajenzi wa Nairobi wanalifahamu jambo hili bila ya kulisomea: mengi ya mawe ya kujengea yanayochimbwa viungani mwa jiji yalianza kuwa majivu ya volkano, na ukiutazama kwa makini ukuta wa jiwe hilo utaona punje na vipande vilivyogandamana zamani.

Katika majivu ya Laetoli zimo nyayo kwa maelfu, na zilizo nyingi ni za wanyama. Ndovu alipita, na twiga, na kifaru, na swala wa aina kwa aina, na fisi, na nyani, na sungura. Kanga naye alipita. Tunamkusudia ndege, si nguo tuzivaazo, ingawa watoto walitaka sana iwe nguo. Alipita pia mnyama ambaye leo hayupo tena duniani: farasi wa kale mwenye vidole vitatu kila mguu. Mwaka 1984 mtafiti Elise Renders alieleza, kwa kuzipima nafasi kati ya nyayo zake tu, kwamba farasi huyo alikuwa akienda mwendo wa haraka ambao baadhi ya farasi wa leo bado wanao, ilhali mtoto wake akikatiza njia yake. Mfupa hauwezi kutuambia hayo. Mfupa huonyesha mnyama alivyoumbika. Wayo huonyesha alivyokuwa akifanya saa ile, alipokuwa hai.

Vivyo hivyo kwa wale waliotembea kwa miguu miwili. Wataalamu huwaita viumbe wa namna hiyo zamadamu. Nyayo zao zinaonyesha kisigino kikitua kwanza, kisha uzito ukihama kuelekea mbele, na kidole kikubwa cha mguu kikiwa sambamba na vingine, si kando kama cha sokwe ambaye hukitumia kushikia matawi. Kabla ya hapo wasomi wengi walidhani kwamba akili na zana zilitangulia, na mwendo wa wima ukaja nyuma yake. Nyayo zilisema kinyume: zana kongwe zaidi za mawe zinazojulikana, zile za Lomekwi upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zina umri wa takribani miaka milioni 3.3, yaani zimekuja baada ya mapito ya Laetoli.

Ndipo tukafika mahali ambapo sisi akina mama tulibishana. Katika mapito yale kuna wakubwa na mdogo, na mmojawapo alikanyaga ndani ya nyayo za mwenziwe aliyetangulia. Watu wengi wakaharakisha kusema: hii ni familia, baba na mama na mtoto. Katika jumba la makumbusho la New York walichonga hata sanamu, mwanamume amemzungushia mwanamke mkono begani. Picha hiyo yapendeza. Lakini nyayo hazikusema mkono ulikuwa wapi, wala hazikusema nani alikuwa mume wa nani. Wachunguzi waangalifu hukiri kuwa yaliyothibiti ni ukubwa wa miguu, urefu wa hatua na mwelekeo wa safari. Yaliyobaki ni dhana ya mtazamaji. Mmoja wetu alisema kwamba hata mtaani petu ndivyo mambo yalivyo: mwanamke akionekana njiani alfajiri, kila aliye dirishani humtungia kisa chake, ilhali kilichoonekana ni miguu iliyopita tu.

Somo la pili la subira ni hili. Karibu na mapito hayo kulikuwa na nyayo nyingine chache, zilizoonekana mwaka 1976, zikadhaniwa kuwa ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Zikafunikwa na kusahauliwa. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, zikapimwa na kulinganishwa na za dubu walio hai, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba hazikuwa za dubu bali za zamadamu, na yamkini wa aina nyingine tofauti na wale wa mapito makubwa. Zaidi ya miaka arubaini zilikuwa zimelala na jina lisilo lao.

Hapa kwetu Kenya ushahidi upo kaskazini, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka huo huo wa 1978 Bi. Kay Behrensmeyer alipata huko Koobi Fora nyayo za zamadamu pamoja na za viboko. Mwaka 2009 zikatangazwa nyayo za Ileret, zenye umri wa miaka milioni 1.5, ambazo umbo lake limekaribia sana la miguu yetu, na uvungu wa wayo unaonekana. Kisha mwaka 2021 Richard Loki, mmoja wa watafutaji wa visukuku wa eneo hilo, alikuwa akifuatilia alama za ndege mkubwa wa jamii ya korongo, mara akaona wayo wa zamadamu. Ulipochunguzwa uwanja mzima, na matokeo kuchapishwa Novemba 2024, ilibainika kwamba zamadamu wa aina mbili tofauti walikanyaga tope lile lile la ukingo wa ziwa, kwa kuachana saa chache au siku chache tu. Hatujui kama waliamkiana au walikimbiana. Twajua kwamba walikuwa majirani. Na wale korongo wa pale Uwanja wa Nyayo, ambao watoto walikuwa wamewaita wabaya wa sura, tangu siku hiyo walipata heshima kidogo katika macho yao.

Hata hivyo, katika yote tuliyosoma, hakuna lililotugusa kama habari za Engare Sero. Ni mahali kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Nyayo za huko si za zamadamu wa mamilioni ya miaka, bali za watu kama sisi, na zimekadiriwa kuwa za kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Aliyeziona na kuwafahamisha wengine ni mwenyeji, Mmasai aitwaye Kongo Sakkae. Zimehesabiwa zaidi ya 400. Miongoni mwake ni kundi la watu 17 waliokuwa wakielekea upande mmoja kwa pamoja. Watafiti walipima urefu wa nyayo, wakalinganisha na vipimo vya watu wa leo, na mwaka 2020 wakaandika kwamba yamkini 14 kati yao walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume, na mmoja kijana wa kiume. Walikisia kuwa ni wanawake waliotoka pamoja kutafuta chakula, kama wafanyavyo hata leo wanawake wa Kihadza wa Tanzania.

Tuliposoma habari hizo kwa sauti sebuleni Ayany, bibi mwenyeji wetu alitua kikombe chake. "Hao," akasema, "ni sisi tukienda kutafuta kuni." Akatueleza jinsi katika utoto wake wanawake wa Kibra walivyotoka makundi makundi, kwa kuwa msitu haukuwa wa kwenda peke yako, na jinsi ambavyo hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Askari waliandikwa katika daftari la jeshi. Wake zao waliolima, waliochota maji, waliolea na kuzika, hawakuandikwa popote. Ilipofika zamu ya jamii kuthibitisha kuwa imekaa hapo muda mrefu, wazee walionyesha makaburi. Alituuliza, na swali lake hatukulijibu: "Kama si makaburi, mngetuamini kwa nini?"

Yupo pia shangazi mmoja katika msafara wetu aliyekuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Alitaka kujua mazungumzo haya ya mamilioni ya miaka yatawekwa wapi na imani ya mtoto aliyefundishwa kisa cha Nabii Adam, amani iwe juu yake. Wasiwasi wake ni wa kuheshimiwa na hatukuufanyia mzaha. Suala la asili ya mwanadamu wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili na wanaendelea kulijadili, na mzazi aliye na swali amuulize aliyesoma, asimuulize jirani. Lakini sote, naye shangazi akiwemo, tulikubaliana juu ya hili: dini yetu haikutuogopesha kutembea katika ardhi na kutazama athari za waliotangulia, imetuhimiza. Mtoto aliyezoea kutazama kwanza kabla ya kusema atakuwa shahidi mwema popote atakaposimama.

Tena, nyayo hizi si amana isiyochakaa. Zilipokwisha kusomwa mwaka 1979, zile za Laetoli zilifukiwa tena kwa mchanga na mawe ili zisiharibike. Lakini katika udongo ule zilikuwemo mbegu za migunga, na mizizi yake ikaanza kupenya kuelekea kwenye majivu. Katika miaka ya 1990 Tanzania ilishirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani kuing'oa miti hiyo na kuzifukia upya nyayo kwa utaratibu madhubuti zaidi. Kwa hiyo mgeni aendaye kaskazini mwa Tanzania huziona aghalabu katika nakala iliyoko makumbusho ya Oldupai. Kilichodumu zaidi ya miaka milioni tatu chini ya ardhi kingeweza kupotea katika umri wa mtoto mmoja kikiachwa wazi kwa jua, mvua na miguu ya watazamaji. Wakati mwingine kukificha kitu ndiko kukitunza.

Wazazi wanaopenda kuifanya elimu hii nyumbani hawahitaji nauli ya Arusha. Baada ya mvua, iwe Ayany, Kisauni au Lamu, mpe mtoto rula na mahali penye tope safi au mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Apime urefu wa wayo kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Wayo wa mtu mzima huwa takribani asilimia 15 ya kimo chake. Kwa hiyo wayo wa sentimita 24 hutoa mtu wa sentimita 160 hivi. Apime na hatua: aendaye polepole huzikaribisha, akimbiaye huziachanisha. Aseme alichokiona, kisha aseme anachokidhani, na ajifunze kuyataja mawili hayo mbalimbali. Wakiwa Nairobi, wampeleke Makumbusho akatazame mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ajue kuwa macho makali ya kuiona historia ardhini yamekuwa pia ya watu wa hapa.

Na walio na bibi Kibra, au Mji wa Kale, au Pate, wakae naye wamuulize alipita njia gani, akiwa na nani, na majina yao wayaandike. Hiyo ni kazi ya jioni moja na daftari moja. Tope lake lingali laini.